Jina la Ishirini na Tisa

Dodoma, 4 Novemba 1915

Kwa Loisi binti Mlewa, Mwandila.

Nakusalimu sana, nawe unisalimie mkwe wangu na umpe shikamoo yangu. Mimi ni mzima. Naomba uketi kabla hujaendelea, na kama mama yuko karibu, naye aketi.

Kaka yako Matonya hatunaye tena. Jana alipita hapa mpagazi mmoja aitwaye Hasani, mtu wa Kondoa, anayerudi kutoka vitani upande wa Taveta. Walikuwa naye kambi moja. Alishikwa na tumbo la kuhara damu, akakaa siku nne, ya tano akafa. Walimzika hukohuko kando ya kambi. Hasani anasema alikuwa mtu wa kuchekesha wenzake hata mzigo ulipokuwa mzito, na hapo nikajua hasemi uongo.

Sina maneno ya kukutuliza. Tulitahiriwa siku moja, mimi na yeye, na hakuna mtu aliyenijua kama yeye. Mama aambiwe polepole.

Hapa bomani imetoka amri kwamba siku ya kuzaliwa kwa Kaisa, mfalme wa Wadachi, tarehe 27 Januari, itafanywa ibada ya kuwakumbuka askari na wapagazi wa wilaya waliokufa katika vita hivi. Majina yao yatasomwa mbele ya watu wote. Nakueleza tu, maana ndiyo kazi tunayoifanya sasa ofisini.

Ni mimi mchumba wako,
Yoramu mwana wa Chidosa


Mwandila, 16 Novemba 1915

Kwa Yoramu.

Barua yako Yahaya wa stesheni ya Gulwe aliikalia siku tano, akingoja mtu wa kuja huku. Nimeisoma nikiwa nimesimama, kwa sababu nilipofika pale unaponiambia niketi nilikuwa nimeshapitisha jicho chini.

Nimelia, na bado nalia, lakini sikuandikii kwa ajili hiyo. Nakuandikia kwa ajili ya mama. Nilimsomea barua yote. Hakulia. Aliuliza ni nani aliyemwona, nikamwambia Hasani wa Kondoa. Akasema Hasani wa Kondoa yeye hamjui, hajapata kula naye, kisha akaingia ndani kusonga ugali wa watu watatu kama kawaida. Usiku mlango wa tembe hafungi. Fisi wamemchukua mbuzi mmoja, na bado hafungi.

Unajua kwetu ilivyo. Mtu akifia mbali na maiti yake isionekane, hanyoi mtu nywele wala matanga hayaanuliwi mpaka jina lake litajwe hadharani na watu wasikie. Mtu asiyetajwa amepotea tu, na aliyepotea hungojwa. Mama anaweza kungoja hivyo mpaka afe. Nilipomweleza habari ya hiyo ibada yenu aliinua uso kwa mara ya kwanza. Alisema, "Bomani wakimtaja, nitanyoa."

Kwa hiyo kazi yako ni ndogo. Hakikisha Matonya yumo. Wewe ndiye uliyetuletea habari kwamba askari walimkamata njiani akitoka kuuza ngozi Mpwapwa na kumpa mzigo. Wewe ndiye uliyetuletea habari ya kufa kwake. Basi maliza.

Loisi


Dodoma, 29 Novemba 1915

Kwa Loisi mpenzi.

Nimepokea barua yako na nimeelewa yote uliyoyasema. Pole sana kwa mbuzi.

Jambo hili si jepesi kama linavyoonekana ukiwa Mwandila. Kila mpagazi alivishwa shingoni kibati chenye namba, na namba hiyo imeandikwa katika karatasi pamoja na jina lake na jina la jumbe wake. Mtu akifa, kibati hurudishwa. Bwana mkubwa wa Kidachi wa hapa bomani ametoa amri kwamba lisisomwe jina ambalo halina kibati. Nimetafuta jina la Matonya mwana wa Mlewa katika karatasi za hapa na silioni. Huenda aliandikwa kwingine, huenda karatasi ilipotea. Wapagazi waliokamatwa njiani hawakuandikwa vizuri.

Nitaendelea kutafuta. Tafadhali mweleze mama kwamba boma lina taratibu zake, na kwamba kutotajwa bomani hakumpunguzii mtu heshima.

Yoramu


Mwandila, 10 Desemba 1915

Kwa Bwana Karani.

Nimemweleza mama kwamba boma lina taratibu zake. Akaniuliza kama taratibu hizo ndizo zilizombebesha mwanawe risasi za Wazungu. Jibu hilo nipe wewe.

Yoramu, tangu lini umeanza kuniandikia kama unaandika cheti? Wewe ndiye uliyenifundisha kusoma pale misheni, kabla Wazungu wetu Waingereza hawajachukuliwa na Wadachi, na ulikuwa ukisema neno lisilosema kitu lifutwe. Barua yako ningeifuta ikabaki pole ya mbuzi.

Kwa kuwa umeshindwa, nilikwenda mwenyewe. Nilitembea mpaka Mpwapwa kwa akida. Nilikaa juani tangu asubuhi, jua likapinduka, ndipo mtu wake akatoka kuniambia kwamba wanawake hawaleti mashauri ya vita. Nikarudi. Kesho yake nikaenda kwa jumbe wetu. Yeye angalau alinipa kigoda. Akasema mwaka jana aliamriwa kutoa wapagazi kumi, akataja kumi, na wote kumi waliitika siku ile mbele ya askari. Matonya hakuwa kati yao. Ila wewe ulikuwa wa saba. Akasema, "Muulize huyo mchumba wako, yeye alitoka hapa kama mpagazi, leo ni karani."

Sikujua kwamba uliandikwa. Kumbe walikuona unajua kalamu wakakuacha? Mbona hukuniambia? Ningemshukuru Mungu siku ileile, sasa namshukuru kwa kuchelewa. Lakini ikiwa wewe ulipata mtu wa kukutoa katika karatasi, hushindwi kumpata wa kumtia Matonya. Waone tu kwamba alikuwapo. Ni neno moja.

Nimechoka, Yoramu. Nimechoka na mlango usiofungwa, na nimechoka kuona sahani ya tatu.

Loisi


Dodoma, 21 Desemba 1915

Kwa Loisi.

Heri ya Krismasi inayokuja. Nimekuwekea kitambaa cha kichwa, nitamtafuta mtu wa kukuletea.

Habari ya orodha ya jumbe ni ndefu na haifai kuandikwa. Tutaongea tukionana. Usiende tena kwa jumbe, nakuomba. Watu wakianza kuuliza maswali wakati huu wa vita wanafungwa, na mtu wa misheni ndiye anayetazamwa kwanza.

Kuna jambo jipya. Bwana mkubwa ameamua kwamba majina yasomwe na mimi. Anasema matamshi yangu ni mazuri na sauti yangu inafika mbali. Ni majina arobaini na moja. Yeye atasimama karibu yangu na karatasi yake mwenyewe iliyotoka Moshi, akiweka alama kila jina ninalolisoma. Nilijaribu kumwambia koo langu linaniuma, akasema mpaka Januari litakuwa limepona.

Sijisikii vizuri siku hizi. Si ugonjwa.

Yoramu


Mwandila, 31 Desemba 1915

Kwa Yoramu.

Nilipofika pale unaposema utasoma wewe, nilicheka kwa sauti mpaka mama akatoka nje. Nilikuwa sijacheka tangu Novemba.

Wewe una nini? Tumelia mwezi mzima kutafuta mlango, kumbe wewe mwenyewe ndiwe mlango. Utasimama mbele ya watu na majina yakiwa kinywani mwako. Ukifika katikati, sema Matonya mwana wa Mlewa wa Mwandila, kisha endelea na linalofuata. Huyo bwana mkubwa atafanya nini? Atakuzuia mbele ya ibada? Atakuja kukugombeza baadaye, nawe utasema jua lilikuwa kali, macho yakachanganya. Wangapi wamepigwa kwa makosa makubwa kuliko hayo?

Najua wewe ni mwoga kidogo. Matonya alikuwa akikutania kwa hilo na mimi nilikuwa nakutetea. Usinifanye nijute. Sikuombi ufe. Nakuomba useme.

Mama amekwisha kuamua, tunakuja. Mzee Bartolomayo wa kanisani atatusindikiza mpaka Gulwe, na tutapanda gari la moshi. Mama hajapata kulipanda, na ameuliza kama humo ndani mtu anaruhusiwa kukaa chini kwenye sakafu. Amebeba kiwembe chake ndani ya kibuyu. Akisikia jina la mwanawe, anataka kunyoa hukohuko Dodoma.

Loisi


Dodoma, 13 Januari 1916

Kwa Loisi.

Msije. Treni zimejaa askari, mama ni mzee, chakula Dodoma ni shida.

Nimeandika hayo nikijua kwamba mtakuja. Basi mkija, kaeni mbele upande wa kulia, penye kivuli cha ukuta.

Nitalisoma jina lake. Nimekuahidi.

Yoramu


Mwandila, 3 Februari 1916

Kwa Yoramu mwana wa Chidosa, aliyekufa.

Nimesubiri siku saba nikidhani utaandika. Hukuandika. Basi nitakueleza mimi ulichokifanya, huenda hukujisikia.

Tulikaa upande wa kulia kama ulivyosema. Mama alikuwa ameweka kibuyu mapajani. Bendera ilipandishwa, mchungaji wa Kidachi akaomba, hatukuelewa ila amina. Kisha ukatoka wewe katika kanzu nyeupe. Ulisoma vizuri. Kila jina lilipotajwa, mahali fulani katika umati mwanamke alilia, kwa hiyo tukawa tunajua watu wa nani wamekaa wapi. Mimi nilikuwa nahesabu kwa vidole, nikijiambia atalitia baada ya ishirini, atalitia baada ya ishirini na tano.

La ishirini na tisa ulisoma, "Yoramu mwana wa Chidosa, wa jumbe wa Mwandila."

Nilidhani umekosea. Nilidhani umechanganyikiwa, umejitaja wewe badala ya yeye. Nikakutazama nikingoja ujirekebishe. Yule Mdachi akaweka alama yake bila kuinua macho, nawe ukaendelea na la thelathini. Ukaenda mpaka arobaini na moja, na Matonya hayumo. Nyuma yetu kulikuwa na mtu mmoja wa huku kwetu, akamuuliza mwenzake, "Huyu aliyekufa si ndiye huyu anayesoma?" Wakacheka. Kwenye ibada ya wafu, watu walicheka.

Tulikuja mlangoni pa ofisi. Mama alikaa chini akasema hatoki mpaka akuone. Najua ulikuwamo, niliona viatu vyako chini ya meza. Askari alitufukuza mara mbili. Mara ya pili alimshika mama mkono.

Treni ikapita Kikombo. Hapo mama akaniuliza, "Kwa nini amesomwa yeye?" Nikamwambia nitakuuliza wewe. Lakini tangu juzi nawaza maneno ya jumbe, kwamba wote kumi waliitika siku ile. Wewe ulikuwa wa saba. Nani aliitika?

Jibu hilo tu. Sitaki salamu.

Loisi


Dodoma, 11 Februari 1916

Loisi,

Matonya ndiye aliyeitika.

Nimeandika sentensi hiyo na sasa nyingine zote ni rahisi, kwa hiyo nitakuambia zote.

Wiki ile jumbe alipotaja majina, mimi nilikuwa nimeshapata barua ya kuitwa kazini Dodoma. Siku mbili tu zilibaki. Nilikwenda kwa Matonya kulalamika, si kuomba. Naapa sikwenda kuomba. Yeye akasema, mimi najua kubeba na wewe unajua kuandika, na askari hawa hawatujui kwa sura. Akasema Loisi ameshangoja miaka miwili kuolewa, ukienda wewe atangoja mingine, na mwili wako haufiki hata Kondoa. Alisema atarudi kabla ya mavuno. Nilikataa. Nilikataa mara moja tu, Loisi. Mtu anayekataa kweli hukataa mara mbili na tatu.

Asubuhi ile, wewe na mama mkiwa shambani, nilijificha nyuma ya tembe la mjomba wangu karibu na kwa jumbe na nikasikia kila kitu. Askari aliita Yoramu, na Matonya akasema naam. Jumbe alimwona na akanyamaza, yeye alitaka kumi watimie. Kesho yake nikapanda treni. Habari ya kukamatwa njiani na ngozi niliitunga mimi, ili msije mkaniuliza.

Kifo chake sikukijua kwanza kwa Hasani. Kilikuja mezani kwangu katika karatasi kutoka Moshi, na kazi yangu ilikuwa kuinakili. Nilinakili jina langu kwa mkono wangu, namba, kijiji, kuhara damu. Nilimaliza ukurasa. Ndipo nikamtafuta Hasani mpaka nikampata, naye akanieleza. Alimjua kwa jina la Yoramu. Wote kambini walimjua hivyo. Alipokufa, wapagazi Wakristo walimwombea na kumzika Kikristo, kwa ajili ya jina, ingawa unajua Matonya hakubatizwa na alikuwa akitucheka tukienda kanisani.

Siku ya ibada nilikuwa nimeliandika jina lake kwa penseli pembeni mwa la ishirini na tisa. Nilipofika pale nilimwona mama na kibuyu chake. Nilifungua kinywa. Yule bwana alikuwa na kalamu yake tayari, na kinywa kikasoma kilichoandikwa kwa wino.

Viatu ulivyoviona ni vyangu.

Sikuombi kitu. Kama unataka kumwambia mjomba na wazee, waambie. Ningependa kujua mama anasema nini.

Yoramu


Mwandila, 22 Februari 1916

Kwa Yoramu.

Nilimsomea mama barua yako siku ya Jumapili. Akataka niisome tena. Mara ya pili nilishindwa kufika mwisho, naye akangoja mpaka nikamaliza kulia, akasema endelea.

Hakukutukana. Afadhali angekutukana. Aliuliza swali moja. Aliuliza, "Siku zile nne za ugonjwa, waliokuwa wakimpa maji walikuwa wakimwita nani?" Nikamwambia, Yoramu. Hapo ndipo alipolia, mara ya kwanza tangu Novemba, akalia mpaka majirani wakaja. Alisema mwanawe amelala siku nne akiitwa jina la mtu mwingine, na akafa hivyo, na akaombewa sala za mtu mwingine, na hakuna hata mmoja pale aliyemwita jina alilozaliwa nalo. Sijui kama wewe ulipata kuliwaza hilo. Mimi sikuwa nimeliwaza.

Upande wangu mimi, nina hasira ambayo sijui niiweke wapi. Wewe nakuchukia asubuhi. Jioni namchukia Matonya, kwamba aliniamulia jambo langu bila kuniuliza. Ningewaambia wote wawili kwamba mimi naweza kungoja. Hakuna aliyeniuliza. Mlikaa wanaume wawili mkagawana mtu wa kuoa na mtu wa kufa.

Mzee Bartolomayo amesema yuko tayari kulisoma jina la Matonya hapa kanisani. Mama amekataa. Anasema kanisa hili ni watu thelathini, na wote wanamjua mwanawe, haoni faida ya kuwatajia wanaojua. Dodoma ndiko alikofutwa. Atajwe palepale, na watu wa palepale, na mtu aliyemfuta. Amesema hivi, na amenitaka niandike kama alivyosema, "Asimame pale aliposimama, aseme. Akisema nitanyoa. Asiposema, mimi nina mwana anayesafiri."

Nimeandika. Kitambaa cha kichwa kilifika. Nimefunika nacho unga.

Loisi


Dodoma, 4 Machi 1916

Kwa Loisi, na mama akisomewa.

Nimesema.

Ilikuwa juzi Alhamisi, siku ambayo majumbe wa wilaya wote huitwa bomani kupokea amri. Walikuwa zaidi ya hamsini, pamoja na watu wao, na wanawake waliokuja kuuliza waume zao. Bwana mkubwa alipomaliza kusema na mimi kutafsiri, sikushuka. Nilisimama palepale. Nikasema, mimi ni Yoramu mwana wa Chidosa, niliyesomwa hapa Januari kuwa nimekufa. Sikufa. Aliyekufa ni Matonya mwana wa Mlewa, wa Mwandila. Alikwenda vitani badala yangu na kwa jina langu. Nikalisema jina lake mara tatu, Loisi, na mara ya tatu sauti ilifika mpaka reli, nadhani. Wanawake wachache wakalia kama walivyolia siku ile. Hawamjui, lakini walilia.

Nilipigwa viboko ishirini na tano, na ukarani umekwisha. Hilo nililitegemea. Lisilotegemewa ni hili. Nilimwomba bwana mkubwa, kwa kuwa sasa anajua kweli, arekebishe karatasi, afute mimi aandike Matonya. Alinitazama kama mtu anayeulizwa na mtoto. Akasema karatasi imekwisha kwenda Dar es Salaam. Akasema mtu mmoja amekufa, kibati kimoja kimerudi, jina moja limesomwa, kosa liko wapi? Nikamwambia kosa ni kwamba si yeye. Akasema hiyo ni habari ya nyumbani kwenu.

Kisha akasema kijiji cha Mwandila bado kina mtu mmoja mzima ambaye hajabeba mzigo. Kesho kutwa naondoka na kundi la kwenda Kondoa, na kutoka huko mbele zaidi, maana Waingereza wanashuka. Aliyekuwa akiandika namba alipouliza jina nikasema Yoramu wa Mwandila. Akafungua daftari lake, akasema huyo amekufa, siwezi kumwandika mfu. Akaenda kumuuliza bwana mkubwa, akarudi ameambiwa, kama yule alitumia jina la huyu, huyu atumie la yule. Nimebishana nao mpaka wakaniinulia kiboko. Nimevishwa kibati. Katika daftari namba yake imeandikwa Matonya.

Nimekaa nawaza tangu jana. Labda hivi ndivyo inavyopaswa kuwa. Nikifa huko, kibati kitarudi, na mwakani siku ya Kaisa watasoma Matonya mwana wa Mlewa kwa wino, na hakuna atakayeweza kulifuta. Mama atakuwa amepata alichokitaka. Nakwenda bila kuogopa sana.

Mgongo unaniuma, ndiyo maana mwandiko ni mbaya.

Yoramu


Mwandila, 12 Machi 1916

Kwa Yoramu.

Nje ya barua hii nimeandika jina la kaka yangu, kwa sababu ndilo watakaloliita kambini wakigawa barua, na nikiandika lako watasema amekufa waitupe. Yahaya amempa mtu wa treni, na mtu wa treni ameahidi kumpa Hasani, ambaye wanasema bado yuko Dodoma akingoja kurudi kwao Kondoa. Kama inakufikia, ni kwa bahati.

Barua yako ilifika juzi. Nilisoma mpaka pale uliposimama, mama akaniinulia mkono ninyamaze. Akaenda akaleta kibuyu. Nikamnyoa mimi mwenyewe pale uani, na yeye akaninyoa mimi, na majirani wakaja na uwele wao mdogo waliouficha askari wasiuone, tukapika. Siku ile ugali ulisongwa wa watu wawili. Jioni mama alifunga mlango kwa gogo na akalala mpaka jua likatoka.

Asubuhi ndipo nikamsomea yaliyobaki, habari ya kibati na habari ya mwakani.

Kwanza nikuambie langu. Sijakusamehe. Sijui kama nitakusamehe, na sikuahidi kwamba ukirudi utanikuta nakungoja. Nitajua siku nikikuona, na ili nikuone ni lazima uje. Umeandika kwamba unakwenda bila kuogopa. Hilo ndilo limenikasirisha kuliko yote. Mwaka mzima umekuwa mwoga pale tulipohitaji mtu shujaa, na sasa tunakuhitaji mwoga unajifanya shujaa. Ogopa, Yoramu. Chemsha maji ya kunywa. Ukiona mwanya, kimbia.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akapitisha mkono kichwani, palipo na upara, akasema nikuandikie.

"Mwambie nimeshanyoa. Kwa jina hilo sinyoi tena."

Loisi